Mapambo ya harusi kwa ukili: nunueni uliosukwa, mshone wenyewe

Swali: Shikamoo mwalimu. Dada yangu anaolewa tarehe 27 Desemba na sherehe itakuwa ukumbini huku huku Mbagala, wageni 200, meza 20. Kamati imekubali mimi na binamu zangu watatu tutengeneze mapambo ya mezani kwa mikono, kwa kuwa mpambaji tuliyemwendea alitaja kiasi kinachozidi fungu la chakula. Tulianza na maua ya karatasi na tumefikisha themanini, lakini yale ya mwanzo yameshalegea na rangi inatoka mikononi. Tunataka kitu kitakachodumu, ambacho baadaye kitapamba nyumba, na ikiwezekana kitumike pia Krismasi, siku mbili kabla ya harusi. Hakuna kati yetu anayejua kusuka. Tuna miezi mitatu. Tuanzie wapi, na haya maua tuyafanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa shughuli iliyo mbele yenu. Nianze na maua, maana naona mnajilaumu bure. Karatasi ya krepu husimama kwa sababu ya vile vikunjo vidogo vidogo ilivyotiwa kiwandani, na vikunjo hivyo hulegea vikipata unyevu. Dar es Salaam hewa yenyewe ni maji, na miezi mnayofanyia kazi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndiyo ya mvua za vuli. Rangi ya karatasi hiyo nayo haikukusudiwa kulowa, kwa hiyo tone moja la soda au jasho la kiganja linatosha kuitoa. Mimi mwenyewe, katika kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, nilipanga maua mekundu ya karatasi juu ya vitambaa vyeupe vya ukumbi usiku wa mwezi wa nne, mvua ikinyesha na madirisha yakiwa wazi. Asubuhi kila ua lilikuwa limeacha duara la waridi chini yake, na malipo yangu yote yakaishia kununua vitambaa vipya. Tangu hapo huiuliza kwanza hewa ya mji, ndipo nimuulize bibi harusi anapenda nini.

Nawashauri mfanye kazi ya ukili. Ukili, kama mnavyojua, ni ule utepe mrefu unaosukwa kwa chane za ukindu, na ndio unaoshonwa ukawa mkeka, msala au kikapu. Ukindu ni jani changa la mkindu, linalokatwa kabla halijafunguka, likaanikwa juani mpaka likapauka, kisha likachanwa na, kama linatakiwa la rangi, likachemshwa katika maji ya rangi. Nao hunyonya unyevu, nisiwadanganye, lakini chane zake zimeshikana kwa kupishana, hivyo zikipata unyevu zinakuwa laini tu bila kupoteza umbo. Adui wake ni ukungu, nao huja pale ukili unapofungiwa mahali pasipo hewa. Hilo nitalirudia.

Mmesema hamjui kusuka, na hapa ndipo wengi hukata tamaa au, vibaya zaidi, hukusanyana wakaanza kujifunza kusuka miezi mitatu kabla ya harusi. Msifanye hivyo. Mkono wa kusuka ukili ulionyooka, wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, hupatikana kwa miaka, na akina mama wanaousuka vizuri wengi wao walianza wakiwa watoto wa miguuni kwa bibi zao. Kushona ukili ulioshasukwa ni jambo jingine kabisa. Mtu anayejua kubandika kifungo cha shati atajifunza kwa alasiri moja. Kwa hiyo nunueni ukili uliosukwa, ninyi mshone. Mwenye ujuzi atalipwa ujuzi wake, nanyi mtabaki na sehemu ya kazi ambayo mikono yenu inaiweza, na ambayo ndiyo hasa inayokipa kitu sura yake.

Kuhusu pa kuupata, ninyi wa Mbagala mmekaa mlangoni. Mikeka ya ukindu inayosifiwa mjini mingi hutoka Rufiji na Mafia. Mzigo wa Mafia huvuka kwa boti hadi Nyamisati, na njia ya kuja mjini ni hiyo hiyo Barabara ya Kilwa inayopita kwenu. Kabla hamjapanda mwendokasi kwenda Kariakoo, ulizeni kwanza Rangi Tatu kwa wafanyabiashara wanaoleta mikeka na vikapu kutoka kusini, na muagize mapema kwa sababu anayeuza mkeka uliokamilika si lazima awe na ukili mtupu siku hiyo. Ukili huuzwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8. Pima ya mama mfupi na pima ya kijana mrefu hazilingani, kwa hiyo kubalianeni mapema ni mikono ya nani itakayopima.

Mtakapouchagua, chukueni ukili mwembamba, usiozidi upana wa dole gumba, yaani kama sentimita 2, kwa sababu ukili mpana haukubali kuzungushwa. Unyoosheni ardhini pima tano au sita mwone kama unakwenda sawa. Ukili uliosukwa kwa haraka hupinda wenyewe kama nyoka. Unuseni. Harufu ya majani makavu ni salama, harufu ya chumba kilichofungwa ni dalili ya ukungu hata kama macho hayauoni. Ule wa rangi usugueni kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na ukiacha alama urudisheni, kwa kuwa yatawapata yale yaliyonipata mimi. Ningekuwa mimi, ningenunua robo tatu ya ukili wenye rangi yake ya asili na robo tu ya rangi nyekundu iliyoiva au nyeusi. Rangi nne katika kitu kimoja humfanya mgeni atazame rangi asione kazi.

Sasa mtengeneze nini? Tengenezeni kitanga, yaani ule mkeka mdogo wa mviringo, kimoja kwa kila meza, chenye kipenyo cha sentimita 40. Kitanga kimoja cha ukubwa huo hula ukili wa mita saba na nusu hivi, sawa na pima nne na kitu, mkizingatia kwamba kila mzunguko hupanda kidogo juu ya ule uliotangulia. Vitanga ishirini ni kama pima themanini na tano. Nunueni mia, kwa sababu kuna utakaoharibika mkijifunza na kuna utakaohitajika Krismasi. Kitanga cha kwanza kitamchukua kila mmoja wenu karibu siku nzima na kitakuwa kibaya. Cha tatu kitachukua saa mbili au tatu. Ninyi ni wanne, kila mmoja ana vitanga vitano, na mkikaa pamoja Jumamosi na Jumapili mtamaliza kabla ya Novemba kwisha bila kukesha.

Kazi yenyewe naomba niieleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye siri. Usiku wa kuamkia siku ya kushona, uviringisheni ukili ndani ya khanga iliyolowa na kukamuliwa vizuri, ulale humo. Ukili mkavu hukatika unapokunjwa, na mlio wake mtausikia. Ukili uliolala katika unyevu hutii. Tumieni uzi wa pamba mnene uliopitishwa kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu, kwa sababu uzi wa nailoni mwembamba hukata jani kama wembe kadiri siku zinavyokwenda. Sindano iwe shazia ndogo, na kama shazia mtakayopata ni ile kubwa ya magunia, chukueni sindano ya kushonea mablanketi.

Kunjeni ncha ya ukili kwa ndani na kuishona ili isifumuke, kisha ikunjeni kona kona mpaka mpate kiini cha ukubwa wa kitumbua. Kiini hicho hakitakuwa mviringo mzuri, nacho kisiwasumbue, kitafunikwa. Kuanzia hapo ukili unaanza kukizunguka kiini, ukingo wake wa ndani ukiingia chini ya mzunguko uliotangulia kwa milimita tatu hivi. Ukingo wa ndani una safari fupi kuliko ukingo wa nje, na ukili ulivyosukwa kingo zake ni sawa, kwa hiyo lazima ule wa ndani upunguzwe. Pitisheni uzi kwenye ukingo wa ndani, kwenye urefu wa shubiri moja tu kwa wakati, muuvute kidogo kama fundi anavyovuta marinda, mtaona chane zikisogea na ukili ukipinda wenyewe kama mwezi mchanga. Ndipo mshone, mishono isizidi sentimita moja, kitanga kikiwa kimelala juu ya meza. Nasisitiza meza. Anayeshona kitanga mapajani, akizungumza na kucheka, hushtukia kimeshajikunja.

Mkikaza mno uzi, kingo zitainuka na kitanga kitageuka bakuli. Mkilegeza mno, kitafanya mawimbi kama sketi. Mawimbi hayana dawa ila kufumua mizunguko miwili na kushona upya, lakini lile bakuli msilifumue. Endeleeni kukaza mpaka kiwe kikapu cha kina cha kutosha, mkiweke pembeni kwa ajili ya korosho au pipi meza kuu. Nimeona wanafunzi wengi wakilia juu ya kosa hilo, na mimi nikalinunua kosa lenyewe. Mkifika sentimita 40, punguzeni upana wa mwisho wa ukili kwa kuukata mshazari, lakini kabla ya kukata fungeni uzi imara pande zote mbili za mahali pa kukata, la sivyo utafumuka wote mbele ya macho yenu. Kitanga kikiwa bado na unyevu kidogo, kilazeni chini ya ubao wenye vitu vizito usiku kucha, kisha mkianike kivulini penye upepo. Jua kali litapausha rangi.

Ukingo wa nje unapendeza ukivishwa utepe wa khanga. Kwa harusi ya pwani ningechagua kisutu, ile khanga ya zamani yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo desturi yake ni ya maharusi na ambayo kwa kawaida haina jina. Kukosa kwake maandishi ni faida kubwa kwenu. Khanga nyingine nyingi zimebeba mafumbo, na nimewahi kuona meza ya mawifi imetandikwa khanga yenye maneno ambayo mawifi waliyasoma kwa makini kuliko hotuba ya mwenyekiti wa kamati. Ifueni kwanza peke yake mpaka maji yatoke meupe, maana khanga mpya ina wanga na rangi ya ziada. Mzunguko wa kitanga chenu ni sentimita 126, na tepe lazima zikatwe hanamu, kwa mshazari wa kitambaa, zenye upana wa sentimita 4, ndipo zikubali kupinda bila makunyanzi. Kukata hanamu hupoteza pembe nyingi na tepe nyingi zitahitaji kuunganishwa, kwa hiyo pimeni kwanza kwenye karatasi kabla ya kushika mkasi. Doti moja, yaani vipande viwili, inawatosha kwa vitanga vyote mkiwa waangalifu.

Juu ya kitanga wekeni kitu kimoja tu. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa kinatosha, na vifuu mnavyo jikoni kila siku. Kikwanguliwe nyuzi za makumbi kwa kisu, kisha kisuguliwe kwa msasa mkali na baadaye msasa laini mpaka kiwe kama kahawa iliyoungua. Neno msasa tumelirithi kwenye mti ambao mafundi wa zamani walitumia majani yake yenye kukwaruza kusugulia mbao, na majani hayo bado yanafanya kazi. Wengi hukipaka mafuta ya nazi kikang'aa, lakini mafuta hayo yatachacha na kuita sisimizi. Pakeni nta iliyoyeyushwa kidogo, mfute kwa kitambaa. Kifuu kisimamisheni juu ya pete ndogo ya ukili ule uliobaki ili kisiyumbe.

Ndani ya kifuu msiweke mshumaa. Najua picha za mtandaoni zinavutia, lakini ukindu mkavu hushika moto upesi, vitambaa vya darini katika kumbi zetu vinaning'inia chini, na pangaboi linaweza kupeperusha ncha ya leso hadi kwenye mwali. Tumieni taa ndogo za betri, au msiweke taa kabisa na mjaze kifuu maua mabichi.

Kwa maua mabichi nina neno moja la asumini. Nunueni matumba, si maua yaliyofunguka, alasiri ya siku ya harusi yenyewe. Tungeni kwa uzi wa pamba, sindano ikipita kwenye kikonyo kigumu chini ya petali, wala si katikati ya petali, kisha mviringishe koja ndani ya jani la mgomba lililonyunyiziwa maji. Matumba hayo hufunguka yenyewe jioni, na wageni watakapokuwa wanaingia ukumbini harufu itakuwa imewatangulia. Lakini asumini kesho yake huwa kahawia, na kutunga koja moja ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo fanyeni la bibi harusi, la mama yake na meza kuu tu, ishieni hapo. Kama kuna shangazi anayejua kufunga kikuba, kile kifungu kidogo cha maua yenye harufu, mwachieni yeye kazi hiyo, msimfundishe.

Najua kuna mtu katika kamati atakayependekeza zawadi ndogo ya mkono kwa kila mgeni. Mkatalieni kwa heshima. Kitu cha dakika ishirini mara wageni 200 ni saa sitini na sita na ushee, karibu muda uleule wa vitanga vyote, na vingi vitabaki chini ya viti.

Krismasi haihitaji kazi mpya. Chukueni ukili uliobaki, muuzungushe kwenye duara la waya nene lenye kipenyo cha sentimita 30, mfunge vipande vya kisutu vilivyosalia penye maungio, na shada la mlangoni limepatikana. Fukwe za Kigamboni zina mivinje, ambayo huangusha vitunda vidogo vigumu vya ukubwa wa ncha ya kidole. Viokoteni chini, mvianike wiki nzima mpaka vifunguke na kumwaga mbegu, ndipo mvifunge kwa uzi. Mkivibandika vibichi, mbegu zitamwagika kizingitini kila mlango unapogongwa. Msivibandike kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, kwa sababu mlango unaopigwa na jua la mchana wa Desemba utailegeza. Shada hilo hilo tarehe 27 litahamia kwenye meza ya kupokelea zawadi.

Mpaka siku hiyo vitanga vihifadhiwe vikiwa vimesimama kama sahani, vimetenganishwa kwa karatasi na kufunikwa khanga kavu, mahali panapopita hewa. Msivitie kwenye plastiki hata kwa siku moja. Mkiona vumbi la kijani au jeupe, futeni kwa kitambaa kilicholowa siki kidogo, kisha mvipeleke kivulini penye upepo. Na usiku wa harusi mteueni mtu wa kuvikusanya kabla MC hajaaga, maana wageni wetu huondoka na mapambo ya meza kana kwamba yameandikwa majina yao. Nyumbani, vitanga vitano au saba ukutani hupendeza kuliko picha nyingi za kununua, lakini nyuma ya kila kimoja gundisheni kipande kidogo cha mbao ili kisigusane na ukuta. Kuta za nyumba zetu hutoa jasho wakati wa masika, na kitanga kilicholala juu yake huanza kuoza kwa nyuma huku mbele kikiwa bado kizuri.

Na yale maua themanini, msiyatupe. Yale yaliyolegea myatenge. Yaliyo mazima yatungeni kwa uzi na kuyatundika kwenye kitambaa cheusi nyuma ya viti vya wanaopigwa picha siku ya sendofu, ikiwa itafanyika ndani na mchana. Huko hakuna atakayeyagusa, hayatakuwa juu ya kitu cheupe, na yanatakiwa kusimama kwa saa nne tu, ambazo karatasi inaziweza hata kwa hewa ya Mbagala.